Sogea Karibu, Usiguse

Mjomba wangu alikuwa fundi wa sufuria katika mtaa wa Stesheni, Nachingwea. Treni iliyoupa mtaa huo jina sikuwahi kuiona. Reli ililetwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya karanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla sijazaliwa, ilikuwa imekwisha ng'olewa. Jina likabaki, na vyuma vikabaki: pistoni, vifuniko vya gia, vipande vya injini ambavyo wazee walisema ni masalia ya enzi za karanga. Mjomba alivinunua kwa watu waliovifukua mashambani, akavichanganya na sufuria zilizotoboka, akayeyusha alumini yake chini ya mwembe nyuma ya nyumba.

Kwetu Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya mpwa wake kuliko watu wengi wanavyodhani. Nilipofika umri wa kuvuta mivukuto, hakuna aliyeniuliza kama napenda. Tuliitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake. Kila Jumamosi nilivuta mivukuto mpaka mkaa uwake kwa rangi ya chungwa, na ndani ya chungu cha chuma vile vipande vikaanza kulegea, kuzama, kisha kutulia kama maji ya kisima wakati wa alfajiri. Juu yake kulikaa utando mwembamba wa kijivu. Mjomba aliuondoa kwa kijiti cha chuma, na chini yake alumini iling'aa kiasi kwamba uliona majani ya mwembe ndani yake.

Kalibu aliitengeneza kwa mchanga ndani ya visanduku viwili vya mbao. Mchanga ule ulitiwa maji kidogo tu, kiasi cha kushikana ukiuminya kiganjani, kisha kalibu ikakaushwa kwa jiko la mkaa. Baada ya hapo ilikuja kazi ambayo hakumwachia mtu: kuchota alumini kwa kata yenye mpini mrefu na kuimimina kwenye mdomo wa kalibu. Aliinama mpaka mdomo wa kata ukaribie kabisa mdomo wa kalibu, ukabaki upenyo wa unene wa kidole. Huku akimimina alinifundisha kwa maneno yaleyale kila mara: "Sogea karibu, mjomba, usiguse." Ukimimina kutoka juu, alisema, sufuria itatoka na nyufa. Ukiigusa kalibu, mchanga utamomonyoka. Ukichelewa, alumini itaganda njiani.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka 12, nilimpofusha jicho.

Kalibu tano zilikuwa zimeshakauka na kupangwa nje jioni ya Ijumaa. Kazi yangu ilikuwa kuzifunika turubai. Niliitwa mpirani, nikaenda, nikasahau. Usiku ulinyesha mvua ya rasharasha, ya kutosha kulainisha vumbi tu. Asubuhi jua lilikuwa limeukausha mchanga wa juu. Mjomba alipitisha kiganja juu ya kila kalibu, akaridhika. Mimi nilikumbuka turubai wakati huo huo, nikaona mchanga mkavu, nikanyamaza.

Maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600. Unyevu uliokuwa umezama chini ya kalibu ya tatu haukuwa na pa kupitia. Nilisikia mlio kama wa gurudumu linalopasuka, na alumini ikaruka juu kwa vipande vidogo vya fedha. Mjomba hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akaweka kata kando ili isimwagike, ndipo akafunika uso kwa mikono. Jicho la kushoto halikurudi tena. Mama alipomuuliza imekuwaje, alijibu kwamba ni mambo ya kazi. Habari ya turubai hakumwambia mtu mpaka anakufa, wala mimi hakunikemea.

Mtu mwenye jicho moja hupata shida kujua kitu kilicho mbele yake kiko karibu kiasi gani. Alipoanza tena kazi baada ya miezi, kata iligonga kalibu, au ilibaki juu mno na sufuria zikatoka na nyufa. Hivyo nikawa jicho lake. Nilichuchumaa ubavuni, uso wangu ukiunguzwa na joto, nikisema, "Shusha kidogo, mjomba. Kidogo tena. Hapo hapo." Kwa miaka minne nilikuwa kipimo cha mjomba. Na kwa miaka hiyo minne swali moja halikuniacha: kitu ambacho ukikigusa kinakuunguza, na ukikaa mbali nacho hukijui, kinapimwaje?

Fizikia ilinipa jibu kidogo kidogo. Nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilisoma habari za Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa London, ambaye mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikitembea karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Januari 1832 alikwenda kwenye daraja la Waterloo juu ya mto Thames. Aliwaza hivi: dunia yenyewe ni sumaku, na maji ya mto huu yanapitisha umeme kidogo, basi yanapotembea lazima umeme uzaliwe ndani yake, na ukiupima umeme huo utajua kasi ya mto. Alitandaza waya wa shaba wa futi 960 juu ya daraja, akatumbukiza vibao vya metali majini, akasoma mshale wa kipimo chake. Hakufanikiwa. Vibao vilivyogusa maji vilizaa umeme wao wenyewe, nao ukafunika ule aliokuwa anautafuta.

Wazo lake lilikuwa sahihi, na leo mita za namna hiyo hupima maji katika mabomba duniani kote. Lakini mimi sikulisahau lile tatizo la vibao. Chombo kikigusa kinachopimwa kinakiharibu, nacho kinaharibiwa. Katika maji tatizo hilo linavumilika. Katika alumini iliyoyeyuka, ambayo joto lake linaanzia nyuzi 660, au chuma cha pua kwenye karibu 1,500, vifaa vingi utakavyotumbukiza vitaliwa.

Wakati huo nilisoma pia kwa nini sufuria za mjomba zilipasuka. Alumini ikikutana na hewa huvaa ule utando wa kijivu papo hapo. Profesa John Campbell wa Uingereza, aliyetumia maisha yake kuchunguza umiminaji wa madini, alionyesha kwamba alumini ikipita kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde, uso wake huvunjika, utando hukunjwa ndani, na kila mkunjo unakuwa ufa unaosubiri siku yake. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: kitu kinachodondoka kutoka juu kinafikisha kasi hiyo baada ya kushuka sentimita 1.3 tu. Huo ndio unene wa kidole, na ndio upenyo aliouacha mjomba kati ya kata na kalibu. Yeye aliupata kwa kuharibu sufuria nyingi na kukumbuka kila moja.

Nilipangiwa kufundisha Ruangwa, nikafundisha huko miaka mingi. Mwaka 2011 nilipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu Ujerumani, katika mji mdogo wa Ilmenau. Huko mwaka 2006 André Thess na wenzake walikuwa wamechapisha njia ya kupima mwendo wa madini yaliyoyeyuka kwa kutumia sumaku peke yake, bila kibao wala waya kugusa chochote.

Juu ya meza kulikuwa na mfereji mwembamba wa plastiki ngumu, na ndani yake kimiminika cheupe kama fedha kikizunguka. Ni mchanganyiko wa gali, indi na bati, ambao hubaki kimiminika hata kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo unajifunzia nao bila kuungua. Pembeni ya mfereji, bila kuugusa, ilining'inia sumaku iliyofungwa kwenye mizani nyeti sana. Pampu ilipowashwa, namba kwenye mizani ilisogea. Pampu ilipoongezwa, namba ikapanda. Ilipozimwa, ikarudi sifuri.

Maelezo yake ni haya. Madini yaliyoyeyuka hupitisha umeme vizuri mno. Alumini iliyoyeyuka huyashinda maji ya bahari kwa kama mara milioni moja. Madini hayo yakipita mbele ya sumaku, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani yake, ikizunguka kama maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe mtoni. Mikondo hiyo nayo inakuwa sumaku, na inajaribu kuyazuia madini yasisonge. Lakini huwezi kumvuta mwenzako pasipo wewe kuvutwa. Kama sumaku inayazuia madini, madini nayo yanaisukuma sumaku kuelekea yanakokwenda, kwa nguvu ileile. Nguvu hiyo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Kwa hiyo unaiacha alumini na moto wake, unaipima sumaku.

Nilisimama mbele ya meza ile nikaona mwembe wa Stesheni. Niliomba ruhusa ya kusogeza sumaku. Ilikuwa sentimita moja kutoka kwenye mfereji, nikaiweka sentimita mbili. Nilitarajia namba itapungua nusu. Ilianguka hadi chini ya moja ya nane. Nikaisogeza tena kidogo, mizani ikakaa kimya kana kwamba mfereji ni mkavu, ilhali nilikuwa naona kwa macho yangu kimiminika kikikimbia. Sumaku inapima bila kugusa, ila ikikaa mbali haipimi chochote.

Niliporudi nilikwenda Nachingwea kumwamkia mjomba. Alikuwa mzee sana, jicho la kulia nalo limeanza ukungu. Nilimweleza yote, nikimchorea kwa kidole juu ya mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo sumaku, ikikaa mbali inajua?"

"Haijui, mjomba."

"Basi na yenyewe imeambiwa isogee karibu."

Alifariki mwaka 2016. Tangu siku ile ya mkeka nimekuwa nikiangalia mambo ya kwetu kwa kipimo cha maneno yake, na mawili nataka kuyaandika hapa.

La kwanza ni lile lililoleta reli. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma Tanganyika ujumbe wa watu wachache, ukiongozwa na John Wakefield, kuangalia kama nchi hii inaweza kulimwa karanga kwa wingi wa kutisha. Walimaliza kazi yao kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka kwenye ndege. Kwa ripoti yao ukapangwa mradi wa ekari milioni 3.2, na kazi ikaanzishwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kutoka angani pori linaonekana laini. Trekta zilipofika chini zilikuta mizizi inayovunja majembe, na kule Kongwa udongo wa mfinyanzi uliokauka wakati wa kiangazi ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kung'oka. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimepotea. Wenyeji walioijua mvua na udongo wa kila bonde walikuwapo muda wote. Kipimo kilikaa mbali, kikasoma sifuri mahali palipojaa habari. Mjomba alikula kutokana na vyuma vya kosa hilo maisha yake yote, na mimi nilisomeshwa kwavyo.

La pili linahusu kugusa. Mwaka mmoja, kabla ya msimu wa kuuza korosho, nilimkuta mama uani, amekaa na mtu aliyekuja na kisado. Wote wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wanajua ninachosema: kangomba. Mtu anakuja wakati chakula kimepungua na ada za shule zinadaiwa, ananunua korosho ambazo bado hazijaingia ghalani, kwa chombo chake mwenyewe. Nilitazama mikono yake. Alijaza kisado, akakitikisa ili korosho zishuke, akaongeza, akatikisa tena, kisha akaweka kilele juu, na kilele kile alikizuia kwa kiganja kisimwagike. Kila kisado kimoja cha hesabu kilibeba kisado na zaidi. Mama alijua. Alikuwa anatazama pembeni, kama mtu anayetazama kidonda chake kikisafishwa. Usiku huo alinieleza kwamba mvulana wa mdogo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa ili mizani iwe mahali pa wazi, na korosho ziuzwe kwa mnada mbele ya wote. Una malalamiko yake, na wakulima wana haki ya kuyasema. Lakini msingi wake ni sahihi: kipimo kisichukue chochote kutoka kwa kinachopimwa. Kisado cha kangomba hupima huku kikila. Lumbesa, lile gunia la viazi au vitunguu linalojazwa kupita mdomo wake, ni ndugu yake. Mizani yenye lakiri ya Wakala wa Vipimo, ikisomwa na pande zote mbili, inafanya kazi kama sumaku ya Ilmenau: inasogea karibu kabisa, inasoma, inaondoka, na korosho zinabaki zilezile.

Darasani nilipata njia ya kuwaonyesha watoto jambo hili bila tanuru. Nilirudi na sumaku mbili ndogo za neodimi, zenye umbo la vifungo vya koti. Nilitafuta bomba la alumini la mita moja, lililokuwa nguzo ya antena. Kwanza nilimpa mwanafunzi sumaku aijaribu kwenye bomba, akaona hainati kabisa. Kisha tukadondosha jiwe dogo ndani ya bomba: likatokea chini kabla hajamaliza kusema "moja". Tukadondosha sumaku. Darasa zima likanyamaza. Tulihesabu hadi tano ndipo ikatoka, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Wengine walisema ni dawa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, bomba linajuaje kwamba sumaku inapita, wakati haiguswi?" Sikumjibu. Nilimpa bomba, nikamwambia alitelezeshe haraka karibu na sumaku iliyoning'inia kwenye uzi. Alilipitisha, na sumaku ikayumba kulifuata. Alilipitisha haraka zaidi, ikayumba zaidi. Alilipitisha mbali kidogo, ikatulia. Alirudia mara sita au saba, hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akasema, "Kumbe nikiitazama sumaku, naijua kasi ya bomba." Alikuwa amefika Ilmenau kwa miguu yake mwenyewe, akiwa Ruangwa.

Ninaandika haya sasa kwa sababu ardhi yetu imeanza kufunguliwa. Ruangwa ina kinywe, upande wa Matambarale na Chilalo, na dunia inakihitaji kwa betri. Wengi hawajui kwamba kinywe ndicho pia kinachotumika kutengeneza vyungu vya kuyeyushia madini, kwa kuwa kinastahimili joto linaloyeyusha dhahabu, shaba na chuma. Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Yaani chungu kimelala chini ya miguu ya Ruangwa, na madini ya kutia ndani yake yamelala Nachingwea. Watakuja wapimaji wengi. Baadhi watatazama kutoka juu, na baadhi watakuja na kisado. Tunahitaji watoto wa hapa watakaosimama kwenye mizani, kwenye maabara ya sampuli, kwenye mita ya maji ya kijiji, na kujua namba ile imetoka wapi. Mtoto hawezi kulijua hilo kwa kunakili fomula ubaoni. Lazima mkono wake ushike bomba.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Mwalimu mwenzangu wa sayansi, usisubiri maabara ikamilike. Bomba la alumini na sumaku mbili havifiki bei ya mbuzi, na somo lake halisahauliki. Mzazi mwenye nafasi kwenye bodi ya shule, lipia hilo kabla ya kupaka rangi ofisi.

Na wewe fundi unayemimina sufuria chini ya mwembe, iwe Nachingwea, iwe popote: usiamini mchanga wa juu. Chimba kwa kidole mpaka chini kabla ya kumimina, pasha kata yako moto kwanza, vaa miwani. Na kama una mtoto anayekusaidia, mwambie kwamba akisahau kufunika kalibu aseme, na kwamba akisema hatapigwa. Mimi sikusema, na jicho la mjomba halikurudi.

Kata yake iko ukutani katika chumba changu cha maabara, Ruangwa. Watoto wanaruhusiwa kuishika.